Santuri za wazee wetu: pima kwanza, ndipo uuze

GOMA, Kivu Kaskazini. Leo siandiki juu ya bei ya unga wala hali ya barabara. Naandika juu ya santuri, zile sahani nyeusi za muziki ambazo wengi wetu huku tunaziita diski. Ninayo sababu. Katika miaka hii ya vita na ya kuhamahama, santuri nyingi zilizokuwa zimelala chini ya vitanda na juu ya makabati zimetoka nje. Zimefika mjini pamoja na magodoro na masufuria. Zinauzwa haraka, kwa bei ya mkaa wa siku mbili, na mara nyingi anayeuza hajui anatoa nini, lakini anayenunua anajua vizuri sana.

Mimi nimezitafuta kwa zaidi ya miaka kumi, na si kwa biashara. Nilikulia katika nyumba yenye gramafoni ya Teppaz, ile ya sanduku iliyotengenezwa Ufaransa, na sikio langu lilizoea gitaa la rumba kabla sijajua kusoma. Nikipata nafasi Jumamosi ninapita Birere, halafu soko la Virunga. Siendi moja kwa moja kwa wauza vitu vya zamani. Naanza kwa mafundi wa redio, kwa sababu watu huwaachia vyombo visivyotengenezeka. Kisha naenda kwa wauza vyuma chakavu. Gramafoni mbovu huuzwa kwa kilo, na mara kadhaa nimefungua kifuniko nikakuta santuri ndani, imesahauliwa pale ilipochezwa mara ya mwisho. Mwisho napita kwa wauza mitumba, maana wengine huletewa mzigo wa nyumba nzima.

Utakayokutana nayo ni ya aina tatu, na ni lazima uzitofautishe kabla ya kuuliza bei.

Ya kwanza ni ile nzito na ngumu, inayozunguka mara 78 kwa dakika. Hii si plastiki. Imetengenezwa kwa utomvu wa mdudu wa Asia uliochanganywa na unga wa mawe, na ikianguka inavunjika kama sahani ya udongo. Kila upande una muziki wa dakika 3 hivi. Ndizo santuri za mwanzo wa rumba yetu. Mwaka 1948 nyumba ya Ngoma ilianza kazi Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, na mwaka huo huo Wendo Kolosoy akapata sifa kwa wimbo wa Marie-Louise. Baadaye zikaja Opika, Loningisa na Esengo. Nyingi za nyumba hizo zilikuwa mali ya wafanyabiashara wa Kigiriki. Ukiona moja ya majina haya kwenye karatasi ya katikati, usiishike kwa mkono mmoja.

Ya pili ni ndogo, ya mizunguko 45, upana wake kama kiganja kilichokunjuliwa. Hii ndiyo iliyojaza nyumba zetu miaka ya 1960 na 1970. African Jazz ya Grand Kallé, OK Jazz ya Franco, African Fiesta ya Rochereau na Docteur Nico, wote walitoka hivyo. Wimbo ukiwa mrefu uligawanywa: upande wa kwanza maneno, upande wa pili sebene. Kwa hiyo nikishika santuri ya 45 naangalia upande wa pili kwanza. Mara nyingi ndio uliochakaa zaidi, kwa sababu watu walitaka kucheza, si kusikiliza mawaidha.

Ya tatu ni kubwa, ya sentimita 30, inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, na kila upande unabeba dakika 20 hivi. Nyingine zilichapwa Kinshasa katika kiwanda cha MAZADIS, nyingine Ufaransa na kampuni ya Sonodisc. Nyingine zimetoka Nairobi, kwa sababu wanamuziki wetu wengi walihamia huko. Les Mangelepa walianza huko mwaka 1976. Orchestra Virunga ya Samba Mapangala ilianzishwa huko mwaka 1981, nayo ilijipa jina la milima hii tunayoiona kila asubuhi kama hakuna mawingu. Kwa hiyo usishangae kukuta Goma santuri ya Wakongo iliyoandikwa Kenya. Muziki nao uliwahi kukimbilia ugenini na ukapata maisha huko.

Sasa tuje kwenye kupima. Sokoni hakuna umeme wa kujaribia, na muuzaji hana muda. Kwa hiyo macho na kidole hufanya kazi kabla ya sikio.

Itoe santuri kwenye mfuko wake ukiishika pembeni, bila kugusa uso. Washa tochi ya simu na uipige mwanga kwa ubavu, si kwa juu. Mwanga wa juu unaficha, mwanga wa ubavu unafichua. Utaona mikwaruzo. Ile myembamba kama unywele, isiyoshika ukucha unapoupitisha polepole, mara nyingi haisikiki sana. Ile inayoshika ukucha itapiga kelele. Kama imekatiza mifereji, utasikia “tak” kila mzunguko: karibu kila sekunde 2 kwenye santuri kubwa, na kila sekunde 1 na kidogo kwenye ya 45. Inaudhi, lakini wimbo unaendelea. Mkwaruzo mbaya zaidi ni ule unaofuata mfereji. Huo unaweza kuiteka sindano, ikarudia neno moja mpaka uamke uisukume.

Kisha tazama rangi. Santuri nzima ni nyeusi na inang’aa. Iliyochezwa mno, hasa na sindano nzito au iliyokwisha, inakuwa na kijivu, kama nguo nyeusi iliyofuliwa miaka mingi. Kijivu hicho hakifutiki. Ni kuta za mfereji zilizoliwa. Hapo sauti ya mwimbaji inakwaruza penye nguvu, na herufi “s” inakuwa kama mvuke unaotoka kwenye sufuria. Muuzaji akikuambia ni vumbi tu, mwambie asante, lakini usilipe bei ya vumbi.

Vumbi lenyewe ni habari nyingine, hasa hapa kwetu. Mji wetu umejengwa juu ya lava. Vumbi la barabara zetu ni mawe ya volkeno yaliyosagwa, nayo ni magumu kuliko plastiki ya santuri. Anayechukua kitambaa kikavu akasugua ili mnunuzi aone inang’aa, anasugua kwa mchanga. Santuri yenye vumbi isiguswe mpaka ioshwe. Tena vumbi ndilo kosa lisilo na uzito kuliko yote. Kelele yake ni ya kuchacha mfululizo, kama sambaza kwenye mafuta, nayo hupungua sana baada ya kuosha. Mara nyingi nimenunua santuri chafu ambayo wengine waliikataa, na chini ya uchafu mifereji ilikuwa mizima, kwa sababu tangu ichafuke hakuna aliyeicheza tena.

Inyanyue sasa mpaka usawa wa jicho, uitazame kama seremala anavyotazama ubao. Ikiwa imejikunja kidogo, sindano itapanda na kushuka lakini itapita. Ikiwa imejikunja kama chapati, iache. Angalia na tundu la katikati. Likiwa limepanuliwa kwa kisu au limetobolewa pembeni, santuri haitazunguka sawa, na gitaa litayumba, mara juu mara chini, kama mtu anayeimba akiwa juu ya chukudu kwenye mawe.

Mkibahatika kupata gramafoni, usikubali kusikilizishwa mwanzo peke yake. Muuzaji mjanja anaweka sindano mwanzoni, unasikia gitaa safi, unatoa pesa. Omba usikilize mwisho wa upande. Sababu yake ni hii: kwenye santuri kubwa, mzunguko wa nje una urefu wa karibu sentimita 90, lakini ule wa ndani kabisa hauzidi sana 40. Sindano inatumia muda ule ule kwa njia iliyo chini ya nusu. Sauti imebanwa, na uchakavu wote unasikika huko kwanza. Mwisho ukiwa mzuri, mwanzo hauna shida.

Hayo yote ni kipimo cha sauti. Lakini kuna kipimo kingine, na ndicho kilichonifanya niandike.

Wakati kambi za Kanyaruchinya na Bulengo zilipokuwa zimejaa, nilikutana sokoni na mama mmoja aliyekimbia kutoka upande wa Rutshuru. Alikuwa na mfuko wa nailoni wenye santuri kumi na kitu za marehemu mume wake. Kijana mmoja mnunuzi alikuwa ameshika mfuko tayari.

“Mama, hizi zimeharibika,” kijana alisema. “Nakupa elfu tano kwa zote, nikusaidie tu.”

Mama alinitazama kwa sababu nilikuwa nimesimama karibu. “Baba, wewe unazijua hizi vitu? Elfu tano ni sawa?”

Nilimwomba kijana ruhusa, nikachuchumaa, nikazipitia moja moja kwa tochi mbele yao wote wawili. Nne zilikuwa zimekwisha kabisa. Mbili zilikuwa zimejikunja. Lakini tano zilikuwa nzima chini ya vumbi, na mbili kati ya hizo zilikuwa 45 za African Fiesta, zikiwa bado na mifuko yake. Nilimweleza mama kila nilichokiona, na kijana akasikia. Sikumtukana, kwa sababu naye anatafuta chakula. Nilisema tu kwamba hizi tano haziwezi kwenda kwa bei ya zile zilizokufa. Tulibishana kidogo kama inavyofanyika sokoni. Mwishowe kijana alilipa zile tano mara nne ya alichotaka kutoa kwa mfuko mzima, na bado alikuwa na faida yake.

Ilibaki moja ambayo kijana hakuitaka hata bure. Ilikuwa ya kijivu, ina mkwaruzo unaofuata mfereji, na upande mmoja ulikuwa na alama ya moto wa sigara. Kwa sauti, ilikuwa mbaya kuliko zote. Lakini kwenye karatasi ya katikati palikuwa na jina lililoandikwa kwa kalamu ya wino. Wazee walifanya hivyo ili santuri iliyoazimwa kwa sherehe irudi kwa mwenyewe. Mama alisoma lile jina, akaiweka santuri ndani ya kitenge chake, karibu na tumbo. “Hii hapana,” akasema. “Hii watoto wataona mwandiko wa baba yao.” Picha zote za nyumba ziliungua, aliniambia, hata ile ya harusi.

Tangu siku ile nasema kwamba santuri ina mizani miwili. Mmoja ni wa sokoni: mikwaruzo, rangi, mkunjo, mwisho wa upande. Mwingine ni wa nyumbani, na huo hakuna tochi inayoupima. Shida ya familia zetu zilizohama ni kwamba zinauza bila kutumia mzani hata mmoja. Kizuri kinakwenda kwa bei ya kibovu, na cha kumbukumbu kinakwenda pamoja na takataka, kwa sababu mtoto analia njaa na mnunuzi ana haraka. Simlaumu anayeuza. Unga unatangulia muziki, hilo halina ubishi. Lakini kama ni lazima uuze, uza ukijua.

Ujue basi na lugha ya wanunuzi wakubwa. Wapo wanaokusanya santuri za Kongo kuzipeleka Ulaya na Marekani, ambako watu wanazipenda sana. Wao hupima kwa herufi. NM ni kama mpya. VG+ ina alama ndogo tu. VG inasikika mikwaruzo lakini wimbo uko juu yake. G, ingawa herufi hiyo kwa Kiingereza ina maana ya “nzuri”, kwao ni santuri iliyochoka sana. P imekufa. Mtu akikuambia “mama, hii ni G tu”, jua anasema nini, kisha umwombe akuonyeshe kwa mwanga mahali palipoharibika. Aliye mkweli ataonyesha.

Kwa wale wanaotaka kuzihifadhi, mambo machache yanatosha. Zisimamishe wima kama vitabu, usizilaze rundo moja juu ya jingine. Usiziache chini ya turubai linalopigwa na jua la saa sita wala karibu na mbabula, kwa sababu plastiki hiyo inalainika na kujikunja bila kuwaka moto. Ukiiosha, tumia maji ya mvua yaliyochujwa kwa kitambaa safi na tone moja la sabuni ya vyombo. Maji ya ziwa yakikauka huacha weupe ndani ya mifereji. Pitisha kitambaa laini kwa kuzunguka, kama sindano inavyopita, kinga karatasi ya katikati isilowe, suuza, kausha ikiwa wima kivulini. Na ile ya 78 usiiguse kamwe na pombe wala alkoli ya dawa, maana itauyeyusha uso wake.

Kuna jambo la mwisho, na hili ni kwa wazee wanaotusikiliza. Mwezi Disemba 2021, UNESCO iliandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa binadamu. Tulifurahi. Lakini urithi huo hauko Paris, na hauko wote Kinshasa. Sehemu yake iko katika mifuko ya nailoni hapa Mashariki. Hasa zile nyimbo za Kiswahili. Mwenda Jean Bosco wa Katanga aliimba kwa Kiswahili na gitaa moja. Hugh Tracey alimnasa Jadotville, ambayo leo ni Likasi, mwaka 1952, na santuri zake za 78 zikazunguka Afrika nzima. Huyo alibahatika kukutana na mtu mwenye mashine. Wapo wengine walioimba kwa lugha zetu, wakachapwa nakala chache, na nakala iliyobaki labda iko kwa jirani yako, imewekwa chini ya ndoo ya maji ili isitikisike.

Kwa hiyo kabla hujaitoa, ipeleke redio ya jamii iliyo karibu nawe, uulize kama wana gramafoni. Wakiwa nayo, kunasa upande mmoja wa 45 kupitia meza ya sauti hakuchukui hata dakika 10. Baada ya hapo wimbo unakaa kwenye simu ya mwanao, na wewe unabaki huru kuuza sahani au kuiweka. Soma na kila kilichoandikwa: jina la nyumba iliyochapa, namba, majina ya wanamuziki, na zile herufi ndogo zilizochorwa karibu na karatasi ya katikati, ambazo mara nyingi husaidia kujua santuri ilichapwa lini na wapi. Ziandike kwenye daftari au zipige picha. Mnunuzi atazisoma, na ni vizuri nawe uzisome kabla yake.

Nami bado napita Birere na Virunga. Ukiniona nimechuchumaa na tochi mbele ya mfuko wako, usiogope kuniuliza. Kupima ni bure, na hata kama sina pesa ya kununua, nitakuambia nilichokiona.